Barua kwa mwanangu aliye Grand Forks, kabla baridi haijashuka

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hapa Minneapolis sote wazima, baba anakusalimu, na mdogo wako anaomba dua shule zifungwe. Jana nilikupigia ukanijibu kwa ujumbe kwamba uko zamu, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Isome yote, na uisome kabla ya Ijumaa.

Angalizo la baridi kali limetoka kwa bonde zima la Red River, kwenu Grand Forks, Dakota Kaskazini, kushuka hadi Fargo, na kwa Minnesota ya kaskazini. Angalizo ni kusema huenda ikafika, jiandae. Likigeuka kuwa onyo, ujue imefika au iko njiani. Na usiku usio na upepo usikudanganye. Tangu Oktoba 2024 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa onyo la baridi kali upepo uwepo usiwepo, maana mbingu zikiwa safi, hewa imetulia na theluji imetanda chini, joto lote hupaa usiku na asubuhi huwa mbaya kuliko jana yake.

Ile ramani ya utabiri wa siku 6 hadi 10 zijazo uliyonitumia, yenye bluu iliyokolea kutoka Dakota hadi Wisconsin, haisemi zitakuwa nyuzi ngapi. Bluu ikikolea, uwezekano wa siku hizo kuwa baridi kuliko kawaida umepanda, basi. Na kawaida ya Januari huko unaijua. Ukitaka nyuzi na saa, soma utabiri wa saa kwa saa wa ofisi ya Grand Forks yenyewe. Simu inakupa namba moja ya mchana, wakati wewe unatoka kazini saa tano usiku.

Uliniuliza baridi hii inatoka wapi. Juu sana, kilomita kama 30 kutoka ardhini, kuna upepo unaoizunguka ncha ya kaskazini kila majira ya baridi na kuifungia hewa ya huko hukohuko. Upepo huo ukilegea au ukigawanyika, mikondo ya hewa ya chini yake huweza kupinda, na hewa ya Aktiki ikateremka kupitia Kanada hadi kwetu. Mwanzoni mwa Januari 2019 uligawanyika, na mwisho wa mwezi huohuo tukayaona matokeo. Tarehe 30 Januari hapa Minneapolis zilifika nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Shule nyingi zilifungwa, posta ikasimamisha kupeleka barua, na kampuni ya gesi ikawaomba wateja washushe joto majumbani ili gesi isiishe kwenye mabomba. Ulikuwa mdogo, nadhani unakumbuka kucheza ndani tu.

Kwenu ni pabaya zaidi kwa sababu ya ardhi. Bonde hilo ni sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, ndiyo maana ni tambarare namna hiyo. Kutoka Aktiki hadi dirishani kwako hakuna mlima wa kuikinga hewa. Sisi tuliokulia Tanga, kaskazi kwetu ni upepo wa joto na majahazi. Huko upepo wa kaskazini ukianza kuvuma, ingia ndani. Tena hauhitaji theluji mpya. Huinua ile iliyolala, na mbingu zikiwa za bluu kabisa juu yako, mbele huoni hata taa za gari. Ndipo utasikia barabara ya I-29 imefungwa.

Nakuomba pia usiiamini asubuhi ya Ijumaa. Kabla hewa ya Aktiki haijaingia, mara nyingi kunakuwa na vuguvugu. Tarehe 12 Januari 1888, Dakota na Nebraska, watu waliamka na hali ya kupendeza, watoto wakaenda shule na nguo nyepesi. Tufani ikawakuta shuleni na njiani. Waliokufa walizidi 200, wakiwemo watoto wengi wa shule. Wale hawakuwa na utabiri mikononi. Wewe unao.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Kutoka bwenini hadi kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi unatembea robo saa. Zikiwa nyuzi 29 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 43 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika kama 10. Piga hesabu mwenyewe. Safari yako ni ndefu kuliko muda ambao shavu lako linao. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa jioni hadi onyo liondolewe, usitembee. Omba gari kwa mwenzako wa zamu, panda teksi nitalipa mimi, au piga simu useme huwezi kufika.

Kama huna budi kutoka hata kwa muda mfupi, vaa sufu au nguo za michezo zisizoshika jasho kwa ndani, sweta juu yake, kisha koti la kuzuia upepo. Pamba iache, ikilowa jasho inakugandisha. Mtandio ukiufunga mdomoni, pumzi inaulowesha, na baada ya muda kitambaa kinakuwa ubao wa barafu uliogusana na kidevu. Beba wa pili kavu mfukoni. Glavu zile zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zenye vidole, na soksi zisibane, damu ipite. Usitoke na nywele mbichi.

Mabango ya kliniki husema angalia ngozi ikiwa nyekundu. Kwetu wekundu hauonekani vizuri. Angalia doa la kijivu kama majivu, au sehemu iliyogeuka ngumu na kung'aa kama nta, hasa puani, masikioni, mashavuni na kwenye ncha za vidole. Ishara kubwa ni maumivu kukoma. Kidole kilichokuwa kinauma kikinyamaza na bado uko nje, hakijapona, kinaganda. Usikisugue, wala usikikaribishe kwenye hita, kitaungua bila wewe kusikia. Ingia ndani ukitie kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na uende hospitali. Na ukimwona mwenzako aliyekuwa anatetemeka ameacha kutetemeka, anaongea kama mlevi, anashindwa kufunga vifungo, piga 911 papo hapo.

Desemba 2016 vijana wawili wa Ghana walitembea usiku kutoka upande wenu wa mpaka kwenda Emerson, Manitoba, huko Kanada, kutafuta hifadhi. Walipita kwenye mashamba yenye theluji ya kiunoni. Waliokolewa na dereva wa lori, lakini walipoteza karibu vidole vyote vya mikono. Wale hawakuwa na mlango wa kugonga. Wewe jirani zako wako pande zote.

Na hapo ndipo ninapokuogopea, mwanangu, kwa sababu nakujua. Una haya. Tangu mdogo ulikuwa radhi ulale na njaa ugenini kuliko kuomba chakula. Haya hiyo niliipenda, niliilea mwenyewe, lakini wiki hii iweke kando. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hita ya chumbani ikizimika, usijifunike mablanketi ungoje asubuhi, gonga kwa msimamizi hata saa tisa usiku. Gari ulilopanda likikwama, msishuke kutafuta msaada kwa miguu. Kaeni ndani, pigeni simu, ondoeni theluji kwenye ekzosi kwanza, kisha washeni injini dakika 10 kila saa na kioo kimoja kiwe wazi kidogo, maana ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Na mwenye gari mwambie alichomeke kwenye umeme usiku ili injini ibaki na joto, kama wafanyavyo wenyeji, asubuhi liwake.

Kesho Alhamisi nunua maji, mkate, maharage ya kopo na betri za tochi. Chaji simu, na ukitoka iweke ndani ya koti karibu na mwili, nje betri inakufa ghafla. Dawa zako za pumu chukua za wiki mbili, hewa hiyo inakaza kifua.

Ijumaa kabla ya magharibi nipigie, uniambie nani anakupeleka kazini na nani anakurudisha. Jina na namba ya simu yake. Ukiwa huna mtu, useme hivyohivyo. Mjomba wako yuko Fargo, nimeshaongea naye, yuko tayari kukufuata Ijumaa mchana njia ikiwa bado wazi, ukae kwake mpaka onyo liondolewe.

Mama yako akupendaye.