Chini ya barafu kuna tope, msilisahau

Mhariri,

Makala yenu kuhusu barafu ya Antaktika ilinifurahisha, ila mwandishi amerudia lile lililozoeleka vitabuni: kwamba mito ya barafu huteleza juu ya mwamba mgumu. Mahali pengi haiko juu ya mwamba. Iko juu ya tope, na tope hilo lenyewe hutembea.

Huko Iceland, mtafiti wa barafu Geoffrey Boulton na wenzake waliingia chini ya barafu ya Breiðamerkurjökull, wakapenyeza vipande vya alama kwenye udongo, vikiwa vimepangwa wima. Walipouchimbua siku chache baadaye, safu ilikuwa imelala: vipande vya juu vimesukumwa mbele, vya chini karibu havijaondoka. Mwaka 1979 walieleza kuwa asilimia 88 hivi ya mwendo wa barafu pale ilitokana na kujipinda kwa udongo huo.

Kinachouregeza ni maji. Yakibanwa katikati ya chembe bila pa kutokea, hubeba sehemu kubwa ya uzito wa barafu, na chembe zikaacha kushikana. Lakini si kila mahali tope ndilo linalobeba mwendo mwingi. Kwenye mto wa barafu wa Whillans, Antaktika, wachimbaji walitoboa barafu ya kilomita moja hivi kwa maji ya moto, wakalikuta tope laini kweli. Ila vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mwendo mwingi ulikuwa juujuu, pale barafu inapogusana nalo. Ubishi huo bado ni mtamu.

Tope hilo pia hutunza kumbukumbu. Jiwe refu likikokotwa ndani yake hugeuka polepole hadi likafuata njia ya barafu, huku likichorwa mikwaruzo kwa urefu wake. Hata hapa kwetu, katika Bonde la Teleki, Mlima Kenya, barafu ya kale iliacha udongo wa namna hiyo. Mtafiti hupima kwa dira mwelekeo wa mawe kadhaa wa kadhaa kabla ya kuyang'oa. Kwa hiyo wapanda mlima wanaobeba mawe kama ukumbusho, tafadhali waache.

Mkiandika tena juu ya Antaktika, waulizeni wataalamu chini kuna nini, mwamba au tope, na maji yake yana shinikizo gani. Kasi ya barafu kuingia baharini inategemea hayo, na bahari ikipanda, Lamu na Pemba zitaguswa.

Mwalimu wa jiografia,
Nanyuki