Kama matumbawe hutoa joto, kuni zilikuwa za nini?

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi kidogo, jambo hili limenikera wiki nzima. Juzi mtoto wa dada yangu, yuko fomu foo hapa Lamu, kaniletea karatasi za tuisheni za kemia nimsaidie, kufungua tu nakuta imeandikwa ati ukichoma matumbawe upate chokaa, enthalpia (hesabu ya joto linaloingia au kutoka) ni hasi 178.5, yaani joto linatoka. Nikacheka kwanza, halafu nikaudhika. Kama joto linatoka lenyewe, yale magogo yote wazee walikuwa wakiyapanga chini ya matumbawe na kuyatia moto yalikuwa ya nini? Ya kuota?

Aliyeandika kageuza hesabu tu. Unachukua enthalpia za kuundwa (joto la kutengeneza kitu kutoka elementi zake) za ulivyopata unatoa za ulivyoanza navyo, si kinyume. Chokaa hasi 635, kaboni dioksaidi hasi 393.5, jumla hasi 1028.5, sasa toa ile hasi 1207 ya kalsiamu kaboneti (ndiyo matumbawe yenyewe, karibu yote) unapata chanya 178.5, kilojuli kwa kila moli (kipimo cha kemia cha kiasi cha kitu). Chanya maana yake inakula joto. Na moli moja ya kalsiamu kaboneti ni gramu 100, kwa hiyo kilo moja inakula kilojuli 1,785, hapo bado hujahesabu joto linalopotelea hewani.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa mfano wenyewe mtamu sana na umeharibiwa. Chokaa ile ukiimwagia maji inachemka mpaka unaruka nyuma, hasi 65. Ukishaipaka ukutani inavuta kaboni dioksaidi ya hewani polepole, inatoa maji, inarudi kuwa jiwe, hasi 113.5. Haya jumlisha zote tatu. Sifuri! Ndiyo ile kanuni ya mwanakemia Hess ya mwaka 1840, upite njia yoyote hesabu ya joto inaangalia ulipoanzia na ulipofikia tu, na sisi tumeanzia jiwe tukaishia jiwe. Kuta zenyewe ziko mjini, watoto wanazigusa mabega kila asubuhi wakipishana na punda.

Wangu nishamsahihishia kwa kalamu nyekundu, lakini karatasi hizo zimepigwa kopi nyingi na mtihani ndio huo unakuja. Mwenye nazo arudi swali la tatu abadilishe alama ya hasi iwe chanya.

Msomaji wako,
Lamu