Msiuze Mguu kwa Kangomba: barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda, Mnazi Mmoja, Lindi

Wapwa zangu wa kijiwe cha njia panda, asalaam aleikum. Na wale msiosali msikitini nawasalimu vilevile, maana lori halimuulizi mtu dini.

Nawaita wapwa kwa sababu huku kwetu mjomba ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Mimi niliitwa, nikaharibu zaidi. Ndiyo maana naandika: msiuze haki yenu ya fidia ya ajali kabla haijalipwa.

Wengi mnanijua kama karani wa zamani wa chama cha msingi cha ushirika. Nimeandika stakabadhi za korosho tangu mfumo wa stakabadhi ghalani unaingia huku Kusini, msimu wa 2007/08, na nusu ya kazi yangu ilikuwa kugombana na kangomba. Mnaijua: mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, ndani hakuna unga, anakuja bwana na vijisenti vyake, halafu mavuno yakifika anabeba magunia. Mkulima aliyeuza hivyo nilikuwa namsema mbele ya watu mpaka anainamisha kichwa. Basi siku mtoto wa dada yangu alipogongwa na lori, kangomba yake niliiandika mimi, kwa kalamu yangu.

Alikuwa kalala kitanda cha kamba, vyuma vimetokeza kwenye ngozi ya mguu. Bosi wa pikipiki, ile ya mkataba (unalipa hesabu kila siku mpaka iwe yako), kakaa kwenye kigoda na daftari ya hesabu magotini, anazihesabu siku zilizobaki. Mwenye kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa, kasimama mlangoni, hata viatu hakuvua. Kishoka mmoja, dalali asiye rasmi, mwenye mkoba, akasema bima ya lile lori italipa, ila ni safari ndefu, yeye anatoa laki 7 papo hapo. Nikaandika kwamba fulani amemwachia fulani haki yake yote ya kudai. Mpwa wangu mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, akabonyeza dole la kushoto, wino ukagusa na shuka. Dada yangu alilifua shuka lile mara mbili, doa halikutoka.

Ile laki 7 haikulala. Bosi alichukua yake, kausha damu yake, ikabaki nauli ya kurudi hospitali kutolewa vyuma. Mwaka uliofuata bima ililipa milioni 9, na mpwa wangu alizisikia kwa watu tu.

Nimechelewa kuuliza, lakini nimeuliza, mahakamani na kwa wasaidizi wa kisheria. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza kifo, maana ndicho kinachoniuma zaidi. Mnayajua maziko yetu. Udongo haujakauka, msemaji wa familia anasimama: anayemdai marehemu ajitokeze. Ni desturi nzuri, deni la maiti si jambo la mchezo. Lakini nimeona ikigeuzwa. Mjane yuko eda, kajifunika, watu wanapita mmoja mmoja na vikaratasi, na shemeji anawajibu, "Subirini hela ya bima itoke." Hapo hapo pamekosewa. Sheria ya madai ya vifo vya ajali, Sura ya 310, inawapa fidia mke au mume, watoto na wazazi kwa kuwa wamempoteza aliyekuwa akiwalisha. Msimamizi wa mirathi anaweza kuidai kwa niaba yao, ila hiyo ni haki yao. Haiingii kwenye kapu la mali aliyoiacha marehemu. Madeni yake yapelekwe kwa msimamizi yakiwa na ushahidi, yalipwe kutoka kwenye kile alichokiacha: shamba, ng'ombe, akiba, pikipiki kama ilikuwa yake. Na mke harithi deni la mumewe, isipokuwa kama alitia saini ya udhamini.

Kwa hiyo siku ya kupokea, someni ile hati ya malipo. Ieleze kwamba fedha ni ya wategemezi, iwataje, na fungu la watoto liende kwenye akaunti ya watoto. Mkimwachia baba mdogo azipokee zote kwa jina lake eti atagawa, msije kwangu kulia. (Baba wadogo mnisamehe. Wapo wazuri, nawajua wawili.)

Aliyeumia akiwa kazini, ameajiriwa ghalani, kiwandani au kwenye basi, huyo ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fidia ya mfuko huo sheria imeikinga: haiuzwi, haiwekwi rehani, haikamatwi kwa deni. Taarifa ifike ndani ya miezi 12. Kama una ndugu kwenye ajira, mwambie leo.

Ninyi wa bodaboda wengi hamna mwajiri, ukuta huo haupo kwenu. Mlicho nacho ni hiki. Kabla hujalipwa, ile haki yako ya kushtaki kudai fidia haikamatwi na mdai. Iko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kwenye kifungu kinachohusu kukamata mali. Kifungu hicho hicho kinakinga nyumba unayoishi na familia, vitanda, vyombo vya kupikia, zana za fundi. Tena hata kwa visivyokingwa, anayekuja kukamata ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Mwenye daftari hana mamlaka ya kubeba godoro lako.

Ila fedha ikishaingia mkononi mwako ni fedha kama nyingine. Ikichanganyika na za korosho na za hesabu, nani ataitambua? Fungua akaunti mpya kwa ajili yake peke yake, na isiwe kwenye benki unayodaiwa, wao wanakata wenyewe kwa mkataba ulioutia saini bila kuusoma. Usithubutu kuipokea kwenye laini yenye mkopo wa simu. Itakatwa kabla hujamaliza kusoma meseji. Karatasi za bima na za hospitali zitunze pamoja, na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, isiachwe kwa kishoka hata kwa usiku mmoja.

Sisemi mkwepe madeni. Bosi wa pikipiki ana haki yake, lakini chombo chake kina dai lake dhidi ya aliyekigonga, na mguu wako una dai lake. Kausha damu alipwe kwa makubaliano ya kidogo kidogo yaliyoandikwa. Anayeficha mali akiwa ameshahukumiwa simtetei, na hakimu hatamtetea.

Lakini nijibuni: mpwa wangu aliuza kwa ujinga? Aliuza kwa njaa. Watoto wake walikuwa wameshinda na uji wa chumvi. Sheria zote nilizozitaja hazipiki ugali wakati mtu anasubiri bima. Kwa hiyo nawaomba mfuko wa kijiwe, shilingi 500 kwa kila anayepaki pale kila siku, wa kumlisha majeruhi mpaka fidia itoke, naye akipata arudishe alichokula bila riba. Mimi naweka elfu 50 za mwanzo. Mweka hazina mchagueni wenyewe, ila asiwe yule mnayemwita Waziri. Anajijua.

Na kabla ya kubonyeza dole kwenye karatasi yoyote ya ajali, nileteeni. Baada ya alasiri nipo barazani kila siku isipokuwa Ijumaa. Miwani ninayo, na kalamu sitaishika, nitasoma tu.

Mjomba wenu