Chupa ya vitamini D isichukue nafasi ya dawa ya presha

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu vitamini D ilisema kwamba wenye kiwango kidogo cha vitamini hiyo mwilini ndio wanaougua zaidi moyo na kisukari. Kisha ikaishia hapo, ikamwachia msomaji amalizie mwenyewe: basi nikimeza vidonge vyake, sitaugua. Hilo la kwanza ni kweli. Hili la pili ndilo lililomponza dada yangu.

Dada ana presha ya miaka mingi. Alipopimwa damu mwaka jana sukari ilionekana imepanda, haijafikia kisukari lakini imekaribia. Muuza dawa mmoja akamwambia kiini cha yote ni upungufu wa vitamini D, akamuuzia chupa. Akaanza kumeza kwa bidii, na kwa kuwa amechoshwa na vidonge siku nyingi, vile vya presha akawa anaviruka, leo anameza kesho hamezi, hadi akaviacha kabisa. Hakutuambia. Tulikuja kujua siku alipolalamika kichwa kinamgonga na macho hayaoni vizuri, na presha yake ikasomeka 190 kwa 110. Alilazwa siku tatu. Ninaandika nikijua kwamba angeweza kupata kiharusi.

Simlaumu kwa kuamini, kwa sababu hoja yenyewe ina mvuto. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, ikapita kwenye ini, ikakamilishwa na figo, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia mwili kufyonza kalsiamu ili mifupa iwe imara. Mtoto akiikosa hupata matege. Baadaye wanasayansi wakagundua kwamba chembe za moyo, za mishipa ya damu na za kongosho nazo huipokea. Walipowafuatilia watu kwa miaka, wakaona wale wenye vitamini D kidogo ndio wanaougua zaidi. Nani asingeshuku kwamba upungufu ndio unaoleta maradhi?

Lakini tuulize ni nani hasa huwa na kiwango kidogo. Ni mtu mnene, kwa kuwa vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili. Ni mzee, ambaye ngozi yake haiitengenezi kama zamani. Ni mgonjwa asiyetoka nje, na mtu anayeshinda ameketi ndani. Hao wote tayari wamo katika hatari ya moyo na kisukari, wawe na vitamini au wasiwe nayo. Kipimo cha chini kinaweza kuwa alama tu ya afya iliyokwisha kuyumba, na kuipandisha alama hakuiponyi afya.

Njia ya kulijua hili ni kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa, kisha wafuatiliwe bila wao wala madaktari wao kujua nani anameza nini. Kazi hiyo imefanyika, na kwa ukubwa wa kutosha. Marekani, jaribio liitwalo VITAL liliwahusisha watu 25,871, wanaume wa miaka 50 kwenda juu na wanawake wa miaka 55 kwenda juu. Waliopewa vitamini walimeza yuniti 2,000 (ndicho kipimo kinachoandikwa IU kwenye chupa) kila siku kwa zaidi ya miaka mitano. Majibu yalitoka mwaka 2018: waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa walikuwa 396 upande wa vitamini na 409 upande wa pili. Katika kundi kubwa kiasi hicho, tofauti ya watu 13 si kitu. Mwaka mmoja kabla, jaribio la New Zealand lililowapa watu zaidi ya 5,000 dozi kubwa kila mwezi lilikuwa limetoa jibu lile lile kuhusu moyo.

Najua kuna watakaosema kwamba wengi katika jaribio la VITAL hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Ni hoja ya haki, na mtu mwenye upungufu mkubwa anapaswa kutibiwa, hasa kwa ajili ya mifupa yake. Ila wengi wanaonunua chupa hizi nao hawana upungufu, au hawajawahi kupimwa. Kama dada yangu.

Kwenye kisukari habari ni tofauti kidogo, na ningependa isemwe jinsi ilivyo. Jaribio jingine la Marekani, D2d, liliwachukua watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa juu bila kufikia kisukari, likawapa nusu yao yuniti 4,000 kwa siku. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, waliopata kisukari walikuwa 293 kati ya waliomeza vitamini na 323 kati ya wasiomeza. Pengo hilo lilikuwa dogo mno kuweza kutofautishwa na bahati. Lakini mwaka 2023 takwimu za majaribio matatu ya aina hiyo ziliunganishwa, na hapo nafuu ikaonekana: uwezekano wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 15. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila watu 100 walio ukingoni mwa kisukari, watatu hivi waliepushwa nacho ndani ya miaka mitatu. Si haba. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2024 wa chama cha Marekani cha madaktari wa homoni unawaruhusu watu wa kundi hili kutumia vitamini D, pamoja na kubadili mtindo wa maisha, si badala yake.

Maneno hayo “pamoja na” ndiyo yanayopotea dukani. Jaribio maarufu la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002 na kuwahusu watu 3,234, lilionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya kisukari iitwayo metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Ziweke namba hizo kando ya ile 15, kisha umwambie mtu anayemeza vitamini akidhani amekwisha kumaliza kazi.

Na kipimo nacho kina mpaka. Mtu mzima wa kawaida anahitaji yuniti 600 kwa siku, 800 akishapita miaka 70, na kikomo kilichowekwa kwa anayejitumia mwenyewe ni 4,000. Vitamini hii haitoki na mkojo kama vitamini C, bali hurundikana. Ikizidi sana, kalsiamu hujaa kwenye damu, na mtu akaanza kuhisi kiu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na figo zikaumia. Chupa zenye dozi za wiki au za mwezi zinauzwa pamoja na zile za kila siku, na macho ya mzee hayatofautishi kwa urahisi 1,000 na 10,000.

Ninaomba basi, Mhariri, mnapoandika tena juu ya vitamini au dawa yoyote, mtueleze kama utafiti uliwatazama watu tu au uliwapa kitu na kukipima. Sentensi moja inatosha. Na mliye na mzazi au ndugu mwenye presha, fungueni mkoba wake wa dawa mhesabu vidonge vilivyobaki. Sisi hatukufanya hivyo kwa miezi minne.

Dada yangu anameza dawa yake ya presha kila asubuhi sasa, na jioni tunatembea naye nusu saa. Vitamini D bado anaitumia, kwa kipimo alichoandikiwa na daktari baada ya kupimwa damu.

Msomaji wenu wa siku nyingi