Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uwezo wa Hiari na Meza Zetu

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na suala la ukumbi limo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Muda wangu karibu wote nitautumia kwa jambo lililokula vikao vya kamati kuliko jingine lolote mwaka huu: uwezo wa hiari wa fani (aina) za wahusika katika michezo yetu ya kuigiza mezani kwa dadu, yaani ule ambao mchezaji anaweza kuuchukua au kuuacha.

Wengi wenu mlianzia Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, na renja wake, fani ya mjuzi wa porini, mnamjua. Levo ya kwanza, yaani ngazi ya mwanzo ya mhusika, anachagua mandhari anayoyamudu na aina ya adui anayemfahamu. Akichagua msitu, kundi lake halipotei humo ila kwa uchawi, wala njia mbovu haiwacheleweshi. Mwongoza mchezo, yaani msimuliaji wa kisa, akiwapeleka jangwani, uwezo huo umelala. Lakini tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko hukohuko msituni: safari ambayo renja ndiye angeng'aa ndani yake inafutwa na uwezo wake mwenyewe, tunaruka hadi pangoni. Mwaka 2020 wachapishaji walitoa kitabu cha nyongeza, na humo renja akaruhusiwa kubadilishana. Anaacha mandhari, anapata bonasi maradufu katika ujuzi mmoja anaoumudu pamoja na lugha mbili. Afikapo levo ya 6 mwendo wake unaongezeka futi 5, na anapanda na kuogelea kwa kasi ileile ya kutembea. Faida ni ndogo, ila inafanya kazi popote. Na kuna kitu amekiacha.

Kitabu hichohicho kina nyongeza za aina nyingine, na hapo ndipo kamati ilipovutana. Mnyemelezi wa levo ya 3 amepewa kulenga kwa utulivu. Kama hajasogea zamu hiyo, anatumia kitendo chake cha ziada, kisha kwenye shambulio linalofuata anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Pigeni hesabu wenyewe. Aliyehitaji 11 kwenda juu alikuwa na nafasi ya asilimia 50. Sasa ana 75. Aliyehitaji 18 anatoka 15 hadi karibu 28. Isitoshe, kurusha mara mbili ndiko kunakomfungulia pigo la kuvizia, ambalo kwa levo hiyo ni dadu mbili zaidi za pande sita. Kwenye karatasi hajaacha chochote. Gharama yake iko uwanjani: mwendo wake unakuwa sifuri hadi zamu iishe. Kwa mpiga upinde aliyejibanza juu ya paa hiyo ni bei ya bure. Kwa mwenye kisu aliyesimama mbele ya zimwi, si bure hata kidogo.

Binafsi naupenda uwezo huo. Kuuita wa hiari ndiko kunakonishinda, maana sijamwona mnyemelezi anayeukataa. Sheria mpya za mwaka 2024 zimeuingiza moja kwa moja ndani ya fani, bila hiari tena.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi: uwezo wowote wa hiari unaobuniwa na mwanachama sharti utaje kinachoachwa, au gharama inayolipwa mezani. Usiotaja kimojawapo hautajadiliwa. Nyongeza zinazopanua tu orodha ya kuchagua, kama mitindo mipya ya mapigano ya mpiganaji, zitapita kwa wepesi, kwa kuwa mchezaji bado anachukua mmoja tu. Wapo waliolalamika kwamba tunawabana wabunifu wageni. Nimewasikia, ila sikubaliani nao. Mgeni anayeulizwa "unaacha nini?" anajifunza ubunifu kwa swali moja.

Mfano bora wa mwaka ni mwito wa manju, fani ya mwimbaji. Kwa kawaida manju humpa mwenzake mmoja dadu ya hamasa aiongeze kwenye jaribio lake. Mwanachama wetu alitaka manju atoe mwito, na kila anayeitikia apate dadu. Rasimu hiyo tuliirudisha: wenzake wakiwa wanne, ni dadu nne kwa bei ya moja. Akarudi na nyingine. Dadu ni moja, anaipata anayeitikia kwanza, kwa sauti, hapo mezani. Pasipo mwitikio kabla ya zamu ijayo ya manju, imepotea. Katika kuijaribu, mwenye mdomo mwepesi alizoa zote, ndipo ukaongezwa mstari kwamba aliyeitikia mara iliyopita husubiri. Kinachoachwa ni wimbo wa levo ya 6 wa kukinga woga na ushawishi, ambao unameza kitendo kizima na hauimbwi na mtu. Huo tumeupitisha, na kelele za meza ile wote mmezisikia.

Kuhusu kijitabu chetu cha Kiswahili: tangu Januari 2023 kiini cha sheria za 2014 kimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, inayoruhusu kutafsiri, kurekebisha na hata kuuza, mradi tutaje kilikotoka. Nyongeza za 2020 hazimo katika hati hiyo. Tunaweza kubuni vya kwetu; maandishi yao hatutayanakili.

La mwisho ni utaratibu. Uwezo wa hiari ukubaliwe kabla ya kampeni (mfululizo wa vikao vya kisa kimoja) kuanza, wachezaji wote wakiwapo, na mwongoza mchezo awe na kauli ya mwisho. Anayetaka kubadilisha katikati asubiri mhusika apande levo.

Pendekezo la kamati mnalo, ukurasa wa pili. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Naomba kuwasilisha.