Kutu ya Land Rover haifichwi kwa rangi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini nitoe dukuduku langu. Vijana wengi siku hizi wanafufua magari ya zamani, nami nafurahi. Kinachonikera ni gereji zinazopuliza rangi nyeusi chini ya boneti, juu ya kutu, grisi na vumbi, kisha mwenye gari anaambiwa kazi imekwisha. Masika moja tu, rangi inavimba.

Nina Land Rover Series III ya petroli, ile injini ya cc 2,286. Watu hudhani gari hili halipati kutu kwa kuwa bodi ni alumini. Bodi sawa, lakini chesisi na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma. Kwa chumvi ya hapa Tanga, alumini inapogusana na chuma hutoa unga mweupe, na boliti zinazoshika viwili hivyo zinaganda hadi uzikate.

Pabaya zaidi ni chini ya betri. Tindikali ikidondoka, bati huwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Hapo anza kwa kumwagia maji ya magadi. Yakitoa povu, tindikali bado ipo. Endelea mpaka povu liishe, ndipo usuuze. Kisha brashi ya waya na msasa hadi chuma kitupu. Chomachoma kwa bisibisi: ikizama, usipoteze msasa wala puti, ile ya kuzibia mashimo; kata uchomelee bati jipya. Fundi atakayekwambia puti inatosha, mlipe nauli aende zake.

Vipande vidogo vya chuma, kama bawaba na mabano, mimi huviloweka kwenye molasi, hiyo hiyo ya kulishia ng'ombe, kipimo kimoja kwa maji tisa. Baada ya wiki mbili hivi kutu inatoka yenyewe. Harufu yake majirani watailalamikia, wavumilie. Alumini usiitie humo, italiwa.

Ukishasuuza na kukausha, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Huku pwani chuma kitupu kikilala usiku mmoja, asubuhi kimeshakuwa chekundu. Rangi ya juu iwe ya bodi, si nyeusi ya kufichia madhambi.

Jambo la mwisho, na hili mafundi walisikie. Namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na inaposhikia springi. Jirani yangu yake ilipitishiwa grainda na fundi mwenye haraka, na sasa kila akitaka kuliuza gari wanunuzi wanamkimbia wakidhani ni la wizi. Ipigeni picha kwanza, muisafishe kwa mkono na mafuta ya taa, kisha muipake grisi.

Mzee wa Land Rover,
Chumbageni, Tanga