Jina la Mwakio: barua kwa Wakesho

Nairobi,
12 Novemba 2025

Mpendwa Wakesho,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini mvua imeanza vizuri Wundanyi na kwamba magoti hayamsumbui nyanya kama mwezi uliopita.

Uliniomba nikamtafutie nyanya jina la babake mkubwa, Mwakio, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Nimekwenda. Nakuambia mapema usije ukasoma barua yote ukingojea habari nyingine: Mwakio hayupo pale, wala hangeweza kuwapo. Makaburi yale yalianzishwa mwaka 1941, majeshi yalipokuwa yakitoka Kenya kwenda kuwatimua Waitaliano Ethiopia na Somalia. Waliolala pale ni wa vita vya pili vya dunia. Mwakio alichukuliwa na Waingereza 1917 akabebe mizigo katika vita vya kwanza, na wapagazi waliokufa katika vita vile, karibu wote, hawana jiwe lenye jina popote pale.

Hata hivyo nataka nikusimulie nilichokiona, kwa kuwa kimenikaa rohoni.

Nilikwenda Jumapili ya kumbukumbu, ile inayoangukia karibu na 11 Novemba, tarehe ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya mwaka 1918. (Huku kwetu zilichelewa. Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck walisalimisha silaha tarehe 25 Novemba kule Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Kwa hiyo wapagazi waliendelea kubeba, na kufa, wiki mbili nzima baada ya vita kwisha.) Matatu ilinishusha karibu na uwanja wa mbio za farasi, nikaingia na watu wengine waliovaa nguo za kanisani. Palikuwa na mabalozi, maafisa wa jeshi letu, KDF, na wazee wenye medali kifuani walioshikwa mkono na wajukuu. Saa tano tarumbeta ikalia, tukanyamaza dakika mbili, kisha mashada ya maua yakawekwa.

Sherehe zenyewe unazijua, sina haja ya kuzieleza sana. Mimi nilibaki watu walipotawanyika. Makaburi yanakaribia elfu mbili, Wakesho, na kila mmoja amepewa jiwe la kipimo kimoja, awe kanali au kuruta: namba, cheo, jina, kikosi, tarehe. Kijana wa King's African Rifles (KAR), kikosi cha Waafrika katika jeshi la Waingereza, na Mzungu aliyekuwa akimwamrisha, wote wamekatiwa jiwe sawa. Ukutani pia kuna ukumbusho wa waliokufa bila kaburi. Humo wamo wapiganaji wa mizinga kutoka Afrika Mashariki waliokuwa ndani ya meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, watu karibu 1,300 wakafa. Hawa bahari iliwameza, lakini majina yao yapo. Nilisimama pale nikiwaza, kumbe kukosa maiti si sababu ya kukosa jina.

Palikuwa na mtunza makaburi mmoja, mtu wa makamo, aliyechuchumaa mbele ya jiwe na ndoo ya maji na brashi laini. Anasugua polepole kufuata mkato wa herufi, anamwagia maji kidogo, anainamisha kichwa kutazama kama kuvu imetoka, anarudia. Nikamuuliza herufi zikifutika kabisa inakuwaje. Akasema zinachongwa upya, na jiwe likichoka linaletwa jingine. Alilisema kama jambo la kawaida tu. Mimi nilishindwa kumjibu, maana nilikuwa namfikiria Mwakio, ambaye hajawahi kuchongewa hata herufi ya kwanza.

Siku iliyofuata nilipita Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu tatu za shaba ambazo sisi hupita tukikimbilia basi. Mmoja ni askari wa KAR, mwingine askari Mwarabu, na wa tatu ni mpagazi. Huyo ndiye Mwakio wenu, rafiki yangu, au ndiye pekee aliyesimamishwa kwa niaba yake. Chini kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayefia nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Nilizunguka sanamu ile pande zote. Hakuna jina hata moja.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Wapagazi waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000, na hiyo ni hesabu ya wakubwa wenyewe waliowachukua. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa, mtu amebeba mzigo wa kilo 25 siku nzima kwenye matope ya Rufiji kwa unga usioiva. Mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa zao. Kisha, ilipofika zamu ya kuwaheshimu wafu, wenye madaraka wakaamua kwamba Mwafrika atatosheka na sanamu ya pamoja. Kuna gavana wa Gold Coast (siku hizi Ghana), Guggisberg, aliyeeleza kwamba mwenyeji wa kawaida wa kule hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi.

Natamani gavana yule angepandishwa milima ya Taita akaonyeshwa mapango ya mafuvu. Watu wenu walikuwa wakimzika mzee, wakamwacha ardhini mpaka wakati wake utimie, kisha wakamfukua na kulipeleka fuvu lake kwenye pango la ukoo, akae safu moja na baba zake. Watu wa namna hiyo ndio wa kuambiwa hawajui thamani ya kaburi? Nakumbuka nyanya alivyotusimulia, jikoni kwake, kwamba babake alikuwa akienda pangoni na kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kaka yake angewekwa. Mahali pale pakabaki wazi. Alizeeka akafa na donda hilo.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyo inayotunza Ngong Road, ilichapisha ripoti Aprili 2021 ikikiri yote haya: kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Novemba 2023 Mfalme Charles aliweka shada la maua kwenye makaburi ya Kariokor, mwendo mfupi tu kutoka soko lile tunalonunulia vyondo. Sidharau radhi. Ila radhi haisomeki kwenye jiwe, na nyanya ana miaka karibu tisini.

Kinachonipa moyo ni Cape Town. Januari mwaka huu wamefungua ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliofanya kazi za jeshi katika vita vilevile, wasio na kaburi linalojulikana. Nguzo za mti zimesimamishwa bustanini, na kila mtu ana yake yenye jina na siku aliyokufa, zaidi ya watu 1,700. Kwa hiyo inawezekana. Majina yanatafutwa hapa Kenya pia, katika makaratasi ya kale ya jeshi. Lakini karani wa 1917 aliandika alivyosikia, na jina la Kidawida, lugha yenu Wataita, masikioni mwake lilitoka limevunjika. Asiyekuwa na ukoo wa kumtambua atabaki namba tu hata karatasi yake ikionekana.

Basi nakuomba hivi. Kabla hujarudi shuleni Mwatate, keti na nyanya, washa simu yako, mwache aseme kwa Kidawida bila kumkatiza. Muulize Mwakio alikuwa mwana wa nani, ukoo gani, kijiji gani, chifu yupi aliyewatoa. Muulize alichukuliwa kabla ya njaa ile kubwa au baadaye. La muhimu kuliko yote, kuna yeyote aliyeondoka naye akarudi? Maana habari ya kifo ililetwa na mtu, na huyo mtu alikuwa na jina. Kisha andika kila kitu kwenye karatasi, tarehe juu, na asiyeweza kuandika aweke dole gumba.

Nitumie nakala mbili. Moja nitaipeleka mwenyewe kwa wanaotafuta majina, nyingine nitabaki nayo. Na kama nyanya ataweza safari ya gari moshi kutoka Voi mwezi Desemba, aje akae kwangu. Nitamshika mkono mpaka kwenye sanamu ya mpagazi, amwambie anachotaka kumwambia.

Msalimie sana, na watoto pia.

Rafiki yako,
Njeri